Kilo Moja na Nusu za Nafula

Nakumbuka asubuhi moja ya mvua kule Malakisi, mwanangu, utadhani ni jana. Tangu unipigie simu kutoka Kitale kuniambia mke wako ana mimba, nimeshindwa kukaa kitini. Nacheka peke yangu! Lakini kabla furaha haijanizidi, acha nikuambie jinsi dada yako Nafula alivyozaliwa.

Nilikuwa kijana mwenye nguvu na kichwa kigumu. Tulilima tumbaku. Mama yako alikuwa na mimba yake ya kwanza, nami akili yangu yote ilikuwa shambani. Alichuma majani tangu alfajiri, akashinda kwenye moshi wa banda la kukaushia, kisha akateka maji mtoni. Jioni alitupakulia wanaume kwanza, naye akala kilichobaki. Siku nyingine hakikubaki kitu. Aliposema anasikia kizunguzungu, nilimjibu kwamba wanawake wote huzaa. Kliniki? Nikasema tumalize kuvuna kwanza.

Mtoto hakungoja mavuno. Asubuhi ile uchungu ulimshika mama yako katikati ya tumbaku, hata mwezi wa nane wa mimba haujaisha. Tulimfikisha kituo cha afya kwa baiskeli, mimi nikisukuma, matope hadi magotini. Nafula akazaliwa: kilo moja na nusu. Alienea kwenye viganja vyangu viwili. Sikuweza kumtazama mama yake usoni.

Shangazi yangu Nasimiyu alifika mbio na chupa ya uji. Alimtazama mama yako alivyokonda, akaniuliza mbele ya watu wote, "Huyu msichana alikuwa anakula nini?"

"Shangazi, kulikuwa na kazi ya tumbaku..."

"Ati tumbaku? Si ungeoa punda basi, bana!"

Nililia, mwanangu. Muuguzi akaniambia nivue shati, akamlaza mtoto kifuani pangu, ngozi kwa ngozi, akatufunika blanketi. "Mama apumzike na ale," akasema. "Zamu hii ni yako, baba." Wanaume wenzangu walichungulia dirishani wakanicheka. Sikujali! Nilikuwa nasikia kamoyo kale kakidunda juu ya moyo wangu.

Tulimbeba hivyo kwa zamu, majuma mengi. Mama yako alikamua maziwa yake, tukamnywesha kwa kikombe kidogo. Kila siku ya kupimwa nilisimama karibu na mizani. Siku mshale wa mizani ulipogusa kilo mbili na nusu, nilipiga kelele hadi muuguzi akasema, "Baba, utatuamshia wodi!" Shangazi akapiga vigelegele, tukacheza pale uani, mvua ikitunyeshea. Tumbaku ilioza bandani. Sikwenda hata kuitazama.

Sasa nisikilize. Si kila mtoto mdogo ametokana na kosa la mtu, lakini langu nalijua. Mpeleke mkeo kliniki wiki hii, usingoje tumbo lionekane, na uingie naye ndani. Mpakulie kwanza: mayai, maharagwe, mboga za majani. Ndoo ya maji ibebe wewe. Akisema amechoka, mwamini hapo hapo. Na mtoto akija mdogo, msione aibu. Mvueni nguo, mlazeni kifuani penu ngozi kwa ngozi, mfunikeni blanketi, mumpe joto lenu.

Mungu amtie mkeo nguvu, ampe mtoto wako pumzi na mwili wa kushika ardhi, na akupe wewe, mwanangu, moyo mwepesi wa kuwatumikia wote wawili.