Rili ya Tatu ya Kesi ya Mshonaji

Siku yangu ya kwanza kazini sikuona filamu hata moja. Nilipewa kitambaa laini na chupa ya spiriti, nikaambiwa nisafishe lenzi. Nilipomaliza nikaambiwa nisafishe tena. Ilikuwa Ibra, Oman, katikati ya miaka ya sabini, na sisi tuliorudi kutoka Unguja tulikuwa bado tunaulizana nani kapata kazi wapi. Mimi nilipata kazi ya kuonyesha sinema. Mama yangu alikaa wiki nzima akiwaambia majirani kwamba Zuwena yuko serikalini, bila ya kusema huko serikalini nafanya nini.

Idara yetu ilikuwa na Landrova iliyokuwa ikichukua filamu mji hadi mji. Wanaume walikuwa wakitazama uwanjani. Wanawake wakadai siku yao, na siku ya wanawake haiwezi kusimamiwa na fundi mwanamme. Mkuu wa idara pale Ibra, ambaye sote tulimwita Mudir, akaniita ofisini. Alikuwa mtu wa Unguja kama sisi. Shikamoo yangu aliijibu huku anasoma barua.

"Unajua kutia uzi kwenye cherehani?"

"Tangu nna miaka minane, Mudir."

"Basi hii ni cherehani kubwa. Ndugu yako Seif ndiye dereva, kwa hivyo hapana wa kusema unasafiri peke yako. Lakini nisikilize. Wapo wasioitaka hii Jumanne ya wanawake. Siku ikiharibika, watu wakarudi majumbani wananung'unika, naifunga. Khalas."

Nikasema nimefahamu. Nilikuwa na miaka ishirini na mbili, na kwa umri huo mtu hufahamu kila kitu.

Nilipelekwa Nizwa miezi mitatu kujifunza kwa Fundi Mkuu, mzee mpole ambaye wazee wake walikuwa wafanyabiashara Tabora, na Kiswahili chake kilikuwa cha bara, kimejaa fyuzi na switchi. Yeye ndiye aliyenifundisha kwamba mkanda wa filamu una matundu pembeni, na meno ya projekta huyashika matundu hayo na kuuvuta. Juu na chini ya lenzi unauacha mkanda ulegee kidogo, unafanya kitanzi. Asiyeacha kitanzi hukata mkanda. Mkanda ukikatika unaukwangua ncha zake kwa wembe, unatia gundi, unaubana, unahesabu mpaka thelathini bila ya kupumua juu yake. Mkanda wenyewe huzungushwa kwenye rili, yaani gurudumu la bati, na kila rili ina kopo lake. Filamu ndefu ilikuwa na rili tatu. Kabla ya safari unafungua kila kopo, unatazama kilichomo, ndipo unafunga. Hilo la mwisho likumbukeni, maana ndilo nililolisahau.

Wanawake wengi tuliotoka Afrika Kiarabu chetu kilikuwa cha kusalia na cha kusomea, na filamu zikija na Kiarabu cha Misri. Kwa hivyo nilisimama na mikrofoni pembeni ya projekta nikifasiri kwa Kiswahili. Fundi Mkuu alikuwa na sheria moja juu ya kazi hiyo.

"Dada Zuwena, wewe ni mfereji tu. Maji yanayoingia ndiyo yanayotoka. Usiongeze, usipunguze."

Kila safari akiniaga kwa maneno hayo hayo, hata nikawa namalizia mimi.

Jumanne zetu zilikuwa katika ukumbi wa skuli, baada ya sala ya alasiri. Madirisha tukiyaziba kwa mablanketi meusi, joto likawa la hamamu, na wanawake wakija na vipepeo vya mkono, vibuyu vya kahawa na watoto wachanga. Ilibidi tumalize kabla ya magharibi watu wakapike. Mashabiki wakubwa walikuwa wawili. Wa kwanza ni Bi Rahma, shoga yangu tangu chuo cha Kurani, aliyekuwa hakosi siku ya wanawake katika sinema za Unguja na ambaye kila filamu akiilia mara mbili, mara moja pale na mara moja akienda kuihadithia. Wa pili ni Bi Muza, mkubwa wetu. Babake alikuwa akiamua ugomvi wa zamu za maji ya falaji, mfereji wa mashambani, na binti alirithi sauti. Akitazama filamu kama anayesikiliza mashtaka.

Siku moja tukaletewa filamu ambayo hapana aliyekuwa ameiona. Mwongozaji wake alikuwa Mmisri tuliyempenda sana, mtu wa harusi na nyimbo, ambaye katika filamu zake mama hulia lakini lazima mwishowe acheke. Hii ilikuwa kesi tupu, mahakamani toka mwanzo, bila ya wimbo hata mmoja. Ilisemekana huko kwao watu waliikataa. Iliitwa Kesi ya Mshonaji.

Kisa chake kilikuwa hivi. Duka la tajiri mmoja limeungua. Aliyeshtakiwa ni kijana wa jirani, na shahidi ni mmoja tu, mwanamke mshonaji, aliyekuwa dirishani na cherehani yake. Yeye alimwona kijana na dumu la mafuta ya taa. Lakini kijana huyo alifiwa na mamake akiwa mchanga, na mshonaji ndiye aliyemnyonyesha. Kwa hivyo ni mwanawe wa kunyonya, haramu kumuoa binti yake, halali kuingia nyumbani mwake bila ya hodi. Rili ya pili ilikwisha mshonaji anaitwa kizimbani, anaweka mkono kwenye msahafu, ukumbi wetu mzima umenyamaza hata watoto.

Nikafungua kopo la tatu. Ndani yake mlikuwa na filamu ya wizara ya kilimo juu ya wadudu wa mitende.

Nilijua mara moja imekuwaje. Nizwa, tulikokwenda kuchukua filamu, asubuhi ya kuondoka, wenyeji walitushikilia kwa kahawa na halua, Seif anapiga honi nje, mimi nikafunga makopo kwa kusoma vibandiko tu. Rili ya tatu ilibaki huko. Mimi mwenyewe nilikuwa sijaiona.

"Vipi, Zuwena?" akaita Bi Rahma gizani. "Tutilie, bibi we! Roho inanitoka!"

Nikamkumbuka Mudir. Nikaiona Jumanne yetu inafungwa na mimi narudi kwenye cherehani ndogo. Nikashika mikrofoni.

"Rili ya tatu imeharibika," nikasema. "Lakini mie nimeiona, ntakuhadithieni."

Nikawahadithia. Mshonaji alisema kweli huku analia. Kijana akaanguka miguuni mwake akakiri. Tajiri akainuka akasema amesamehe, hakimu akafuta machozi kwa ncha ya joho lake, akamwachilia kijana. Lile joho lilinijia tu, na nilipoona wanavyoguna kwa huruma, nikaongeza na njiwa dirishani.

Bi Rahma alilia mpaka akakwama pumzi. "Huyo ndiye Mmisri wangu ninayemjua! Hamwachi mama na jeraha."

"Mimi sioni," akasema Bi Muza. "Duka la mtu limeungua. Hakimu anafuta macho, khalas? Hakimu gani huyo? Na njiwa kaingia mahakamani kufanya nini?"

Wakabishana mpaka mlangoni, nusu upande huu nusu upande ule, na walirudi majumbani wamefurahi. Kesho yake Mudir akaniambia mkewe hakulala kwa kuihadithia, na kwamba haijapata kuwa na Jumanne kama ile. Nilimshukuru. Wiki nzima wanawake walinisimamisha sokoni kuniuliza tajiri alisema neno gani hasa aliposamehe, na kila mara nilijibu, na kila mara uongo ukazidi kunona. Niliona aibu, na sina neno jingine la kuiita.

Mwisho wa wiki tulirudi Nizwa, nikaikuta rili juu ya rafu. Tukaitazama ofisini, mimi na Fundi Mkuu. Mshonaji kasimama kizimbani. Wakili anauliza. Hakimu anauliza. Kamera haiuachi uso wake, muda mrefu, bila ya muziki. Kisha anavuta pumzi, anafungua mdomo, na filamu inakwisha. Hapana ushahidi, hapana hukumu, hapana msamaha.

Fundi Mkuu alizima taa ya projekta. Nilikuwa nimeshamweleza yote.

"Umeongeza," akasema.

"Nimeongeza, Fundi."

"Na njiwa?"

"Na njiwa."

Alinitazama, akashindwa, akacheka. Halafu akaacha kucheka. "Wale kinamama hawana sikio jingine ila mdomo wako. Wakiacha kukuamini, hata ukiwafasiria aya watakuuliza kama ni kweli. Nenda ukawaambie, kisha uwaonyeshe."

Jumanne iliyofuata nilisimama mbele yao kabla ya kuwasha. Nikasema mwisho ule niliutunga mwenyewe, kwamba rili haikuharibika bali niliisahau, na kwamba naomba radhi. Bi Rahma akaniangalia kama niliyemvunjia kikombe cha mamake. Nikaona bora niwaonyeshe upesi. Nikawasha, mshonaji akavuta pumzi, akafungua mdomo, neno la mwisho likapita upesi, turubai la sinema likawa jeupe.

Hapo ndipo palipochafuka.

"Na iliyobaki?" akauliza mmoja.

"Hapana iliyobaki. Ndio mwisho."

"Hasha!" akasema Bi Rahma. "Ameikata! Zuwena, umeikata!"

Bi Muza akainuka taratibu, mkono kiunoni. "Hebu tufahamishane, mwanangu. Wiki ile rili mbovu, hadithi nzima. Leo rili nzima, hadithi mbovu. Sie tukuamini weye wa lini?"

Wanawake watatu walikuwa wameshavaa mabuibui yao. Nilisema wallahi, nikasema wallahi tena, na nikaona kwamba kiapo changu hakina thamani yoyote mle ndani. Nilikuwa nimesema kweli na sina wa kuniamini, na wakitoka vile, basi Jumanne imekufa, na nimeiua mimi.

Nikaenda dirishani nikavuta blanketi. Jua likaingia. Nikauvuta mkanda kutoka kwenye rili, pima mbili tatu, nikamwita Bi Muza.

"Njoo, bibi. Ushike wewe mwenyewe. Ukiona pameunganishwa, nimekata."

Nikamfundisha palepale: mkanda uliokatwa na kuungwa huwa na mstari na uvimbe wa gundi, kidole kinausikia. Bi Muza akapitisha kidole chake polepole, jicho moja amelifumba. Kwenye mwanga wa dirisha mshonaji alikuwa mdogo kuliko ukucha, picha baada ya picha, mdomo umefumbwa, umefumbwa, umefunguka. Kisha picha nyeusi. Kisha neno la Kiarabu lenye maana ya mwisho, ambalo aliweza kulisoma mwenyewe. Akarudi nyuma akapapasa tena. Ukumbi mzima ulikuwa unamsubiri yeye.

"Haukuungwa," akasema. "Hakusema kitu."

"Hakusema, bibi."

Akakaa kitako kwenye ukingo wa dirisha, mkanda bado mkononi. "Huyu Mmisri anajua. Hukumu ya mama hapana mtu wa kuitoa." Kisha akanigeukia. "Na weye, kwa nini ulitudanganya?"

"Niliogopa mtaondoka mnanung'unika."

"Ungalituambia huna rili. Kwani sie hatuna akili? Tungaliimaliza wenyewe."

Na wakaimaliza. Waliokwisha vaa mabuibui wakavua. Mmoja alisema kweli ni kweli hata kwa mwana wa kunyonya, mwengine akasema yeye angenyamaza akafungwa yeye, Bi Muza akawapa zamu ya kusema kama babake alivyokuwa akigawa maji. Adhana ya magharibi ilitukuta pale pale. Usiku ule Ibra, nadhani, nyumba nyingi zilikula tende na maziwa.

Mudir nilimwambia mwenyewe, kabla hajaambiwa. "Siwezi kukuadhibu kwa Jumanne iliyofana mara mbili," akasema, "na siwezi kukuacha hivi hivi." Akanihamishia Sur, mji wa mabaharia, pamoja na Seif. Nilidhani ni adhabu. Nilikaa Sur miaka minne na ndiyo miaka niliyoipenda kuliko yote. Wanawake wa Sur walikuwa wamezoea kusubiri waume walio safarini, kwa hivyo subira walikuwa nayo, na ubishi pia. Huko nikaanza desturi ambayo haikuwamo katika maagizo ya idara: filamu yoyote ya kesi, nilisimamisha baada ya rili ya pili, nikawasha taa, nikasema, "Haya, amueni nyinyi kwanza." Mkaguzi mmoja alikuja kutoka Maskati akasikia kelele hizo kutoka nje ya ukuta, akadhani kuna ugomvi. Seif akamwambia, "Hapana, bwana, wanatazama sinema."

Miaka ya themanini ikaja video, kila nyumba na sinema yake, na kumbi zikawa za mitihani. Mimi nikawekwa ofisini kutunza makopo. Sikulalamika. Nilipostaafu nilipewa saa ya ukutani, na Fundi Mkuu, ambaye alikuwa ameshastaafu zamani, alikuja toka Nizwa kwa ajili hiyo na akasema ile sheria yake mbele ya watu. Nikaimalizia. Nyinyi vijana mnaosoma haya mtafanya kazi nyingine, zisizo na gundi wala wembe, lakini kopo ni kopo. Lifungueni kabla ya safari.

Bi Muza ametangulia mbele ya haki. Bi Rahma yupo, macho yake yamekwisha. Juzi mjukuu wangu aliitafuta Kesi ya Mshonaji kwenye simu akaipata, nikaenda nayo kwa shoga yangu, nikamfasiria kama zamani, neno kwa neno, mpaka mshonaji alipovuta pumzi.

"Ndio hapo?" akauliza Bi Rahma.

"Ndio hapo. Mdomo umefunguka."

Akanipapasa mkono. "Sasa nihadithie ule wako. Wa njiwa."

"Rahma, usiongeze, usipunguze. Wewe unaijua sheria."

"Hiyo sheria ya kazini," akasema. "Kwani weye hujastaafu?"

Nikavuta kiti karibu yake. Hakimu, nikamwambia, alifuta machozi kwa ncha ya joho lake.