Msiba wa Mkwe Aliye Hai

Nitasema mwenyewe, maana waliokuwepo wameshasema vya kutosha na wengine wametia chumvi: mimi ndiye yule mwanamke wa Lufingo aliyebebwa juu ya ubao mchana kweupe, watu wakavua kofia njiani wakidhani ni maiti. Sikuwa maiti. Nilikuwa naumwa mgongo tu.

Mgongo wenyewe niliuumizia kwenye kuchuma chai. Ilikuwa miaka ile mashamba yanauzwa, shamba letu limepata mwenyewe mpya, na kila asubuhi kwenye mizani hakuna mazungumzo ila nani atapunguzwa na nani atabaki. Siku hiyo mvua (watu wa Tukuyu sina haja ya kuwaeleza mvua) ilikuwa imelowesha majani yakawa mazito, nikateleza na kapu mgongoni, wala sikuanguka, nilijikaza tu nisimwage, na kwenye huko kujikaza ndipo kitu kikalia ta! kiunoni. Tangu hapo nikawa mtu wa kuinuka kitandani kwa awamu, kwanza ubavu, halafu kiwiko, halafu machozi.

Nikaanza kupima nifanye nini. Daktari alisema nipumzike mwezi mzima, niende na Mbeya kupigwa picha, akataka kuniandikia cheti cha kumpa msimamizi. Cheti! Kumpelekea msimamizi cheti cha mgongo mbovu wakati ule niliona ni sawa na kumwandikia jina langu juu kabisa ya orodha ya wanaoondoka, na nina watoto watatu, na mume yuko Mbeya anauza mitumba, anarudi akikumbuka. Kanisani waliniombea, nikapona hadi jioni. Akabaki Bibi Atupele, mkandaji wa kule juu mlimani, aliyeahidi kuninyoosha kwa siku tatu. Siku tatu nilizimudu, ila nilihitaji ruhusa.

Basi nikamwendea msimamizi nikamwambia, "Nimefiwa na mkwe."

Na sikudanganya, jamani! Mama mkwe wangu alifariki kweli, ila alikuwa na miaka sita kaburini. Msimamizi (mtu wa kutoka mbali, lakini mstaarabu) akachukua kalamu. "Mkwe gani? Niandike jina nani?"

Nikainamisha kichwa, nikanyamaza. Na kunyamaza huko ndiko kulikoniponza, maana kwetu mwanamke hataji jina la baba mkwe wake, wala hawaonani uso kwa uso. Mzee akikohoa njiani, mimi naingia migombani hadi apite. Msimamizi alikuwa ameishi nasi vya kutosha kulijua hilo. Akaniangalia kwa huruma, akasema, "Pole sana, mama. Nimeelewa." Wenzangu nao wakajumlisha: mama mkwe walimzika wao wenyewe, basi aliyekufa ni mzee.

Siku ya pili niko kwa Bibi Atupele, nimelala kifudifudi, mgongo wazi, amenipaka dawa nyeusi, akabandika majani ya mgomba ya moto, akaniwekea ubao kuanzia juu ya utosi hadi makalioni na kunifunga kwa kamba za migomba. "Ndaga, pole mwanangu," ananibembeleza. "Usitikisike hadi nirudi."

Kumbe saa hiyohiyo wenzangu wa chai, mbele shoga yangu Tusekile (sikumwambia kitu, ana mdomo) na nyuma msimamizi, walikuwa wamefika kwa mkwe wangu na unga, kuni na wimbo wa maziko, wakamkuta marehemu amekaa barazani anachonga mpini wa jembe. Wimbo ukakatikia njiani. Watoto wangu waliokuwa pale kwa babu yao ndio waliosema niliko, na mzee akasema twendeni wote tukamwulize.

Mimi nikasikia kikohozi. Kile kikohozi ninakijua hata usingizini. Miguu haikuniuliza, nikainuka na ubao wangu mgongoni nikakimbilia mlango wa nyuma, nikainama kupita, na ubao ulivyonipita kichwa ukagonga kizingiti cha juu ukanirudisha ndani chali, puu! Miguu juu, kanga huku, majani kule, na mlango wa mbele umejaa vichwa vya shamba zima.

"Mama Ambakisye," akaita Tusekile, unga bado uko kichwani, "sasa tumzike nani?"

Walicheka. Msimamizi hakucheka, na hilo ndilo lililoniogopesha. Nikalia pale chini, nikasema yote, mgongo, cheti, orodha, nimechoka, sijalala wiki mbili.

Mzee alikuwa amesimama uani, ametupa kisogo, anaiangalia migomba kama desturi inavyotaka. Akasema kwa sauti, "Mimi nimekufa lini, mwe? Haya. Kama ni marehemu, basi sikilizeni wosia wangu. Huyo mtoto mpelekeni hospitali. Na wewe bwana mkubwa, usimwandike popote."

Ndivyo nilivyobebwa, na ubao wangu, na waombolezaji wangu, kuteremka hadi barabarani. Nilipojaribu kunyanyua kichwa kumwonyesha mama mmoja wa kando ya njia kwamba mimi ni mzima, alipiga yowe akatupa ndizi zake.

Mbeya picha ikaonyesha pingili ya uti wa mgongo imesogea. Nikapewa mkanda na mazoezi, na yale mapumziko ya mwezi niliyoyakimbia. Msimamizi aliuheshimu wosia, akanihamishia kwenye kitalu cha miche, nikadumu msimu mmoja. Orodha iliyofuata iliandikwa na watu wasiotujua, na jina langu lilikuwemo. Mgongo hadi leo hutabiri mvua kabla ya redio.

Mzee aliishi miaka mingine mitano. Alipofariki kweli nilipeleka habari shambani, Tusekile akarudisha jibu: "Huyu ni wa kweli, au yule wa kwanza?" Walikuja wachache, nao walichungulia kwanza. Nililia siku ile kuliko wanawe wa kuwazaa, na kila nikipaza sauti niliona watu wakitazamana.

Sasa nikiumwa mgongo, nasema mgongo.