Nilisema Mafuta Yake ni ya Juzi

Walisema sitaweza. Walinisema mbele yangu, barazani Ilala, huku wakinywa kahawa: samaki wa kwenye tangi ananuka tope, na mtu wa Kariakoo hali tope. Niliweza. Lakini ili niweze nilimkosea mtu, na kosa ni langu peke yangu.

Nilikaa nje ya nchi miaka sita. Niliosha vyombo, nikasoma, nikarudi na diploma ya ufugaji wa samaki. Hakuna mjomba aliyenilipia. Cheti nilikitia kwenye fremu nikakitundika uani kwa mama mkubwa, juu ya matangi yangu ya sato. Mgeni akija, aone cheti kwanza, samaki baadaye.

Mtaji nilikopa kwa watu watatu: mama mkubwa, binamu yangu, na dada mmoja aliyekuwa akikaanga samaki Kariakoo, kando ya maduka ya vitambaa. Nitamwita Da Mwaju. Si jina lake, ila wateja wake watamjua. Alinipa zamu yake yote ya upatu, kwa kuwa alichoka na samaki wa barafu wanaomfikia wamelegea.

"Usinitie aibu tu, mdogo wangu," aliniambia. "Wateja nimeshawaambia."

Sasa sikiliza. Sato wa tangi kabla hajauzwa huwekwa kwenye maji safi siku nne, bila chakula, mpaka ladha ya tope imtoke. Hilo nililijibu kwenye mtihani nikapata alama zote. Lakini akishinda njaa siku nne anapungua, na mimi nilikuwa nimetamba mtaa mzima kwamba sato wangu watafunika sahani. Nikawatoa kwenye maji ya kijani asubuhi ileile, moja kwa moja mpaka Kariakoo.

Nilikwenda na shati lililopigwa pasi. Nilimsaidia Da Mwaju kufungua dumu jipya la mafuta, kwa kisu changu. Samaki walikuwa wakubwa kweli. Watu walisimama kuwatazama.

Wa kwanza kula alikuwa mzee mwenye duka la vitambaa, mteja wake wa kila siku. Alitafuna, taya likasimama, akatema kwenye karatasi.

"Mwaju, leo umetukaangia bwawa na vyura wake?"

Watu wakacheka. Wa pili naye akatema. Nyuma yao nikamwona jirani yetu mmoja wa pale barazani. Alikuwa ananingoja mimi.

Nikasema kwa sauti ya darasani, kila mtu asikie: "Samaki wangu hawana shida. Hiyo harufu ni ya mafuta. Haya mafuta ni ya juzi."

Da Mwaju alinitazama, kijiko mkononi. Aliepua karai, akaliweka chini, akaanza kufuta meza.

Kariakoo neno la mafuta ya juzi likishatoka halirudi. Wateja walihamia meza ya pili. Mwezi haukuisha, naye akaondoka. Mimi nikaanza kuwaweka sato kwenye maji safi siku zote nne, kimyakimya, wakawa watamu. Wakaangaji wengine wakanifuata, na hoteli za Posta pia. Wale wa barazani sasa wananiagiza samaki wa sikukuu. Nilidhani nitasikia raha. Sikusikia kitu. Hata leo nikila sato wangu natafuna tu, kama mtu anayetafuna karatasi.

Wewe unayeanza kufuga, na cheti chako mkononi, usiogope kuambiwa samaki wako wananuka. Sema ndiyo, wananuka, kosa ni langu, rudini wiki ijayo. Ni maneno machache. Mimi yalinishinda, na nilikuwa nimesoma.

Jumamosi iliyopita nilimaliza madeni yote. Mama mkubwa aliniombea dua. Binamu alitania kwamba anasubiri riba ya sato wawili. Da Mwaju nilimkuta Magomeni, anauza maandazi mlangoni kwa mdogo wake. Nilimwamkia, akaitikia. Alipokea bahasha, akaiweka chini ya sinia bila kuifungua.

"Hii ni ya upatu," alisema. "Na mafuta yangu?"

Nikamwambia yalikuwa mapya.

"Mimi najua. Usiniambie mimi."

Basi nawaambia ninyi mliokuwa mkila pale kando ya maduka ya vitambaa. Mafuta yalikuwa mapya. Dumu nililifungua mimi.