Majibu ya Violeth

Watu waliojifundisha kazi wenyewe wana imani moja ya hatari: kwamba kazi nzuri itajisemea. Haijisemei. Kazi haina mdomo, mdomo ni wa yule aliyeibeba. Violeth wa Nkuhungu angeambiwa haya mapema pengine asingesikia, maana ana kichwa kigumu, na ni kichwa hicho hicho kilichomfundisha kuandika programu za kompyuta bila kukanyaga chuo chochote.

Alijifundishia steshenari, pale Kizota, katikati ya mafundi wa mageti na wauza mbao. Kutwa alichapa barua za watu, akatoa fotokopi, akavalisha vyeti plastiki. Wateja wakipungua alifungua masomo ya bure ya mtandaoni kwa bando lake na kompyuta ya tajiri wake, mwenye steshenari. Mwanzo alinakili tu kama kasuku. Kisha akaanza kuvuruga kwa makusudi alichonakili ili aone kinaharibika wapi, na hapo ndipo mtu anapoanza kujua. Kosa moja liliweza kumtesa wiki nzima, na akilipata alicheka peke yake hadi fundi wa jirani anakuja kuchungulia kama yuko salama.

Baadaye alinunua kompyuta ya mtumba, betri imekufa, na akaandika kitu chake cha kwanza cha maana: mfumo wa mashine ya kukoboa mpunga kwao Bahi. Shida ya pale ilikuwa magunia kupotezana na wenyewe. Wakulima wanalaza mpunga stoo wakingoja bei, majina yanafanana, akina Yohana tele, na namba moja ya simu inatumiwa na nyumba nzima. Violeth alikulia pale, alijua. Mfumo wake ulimtambua mtu kwa jina lake, jina la baba na kitongoji, na umeme ukikatika katikati ya kazi, kilichokwisha kuandikwa hakikupotea. Mzee Hassani, mwenye mashine, aliutumia msimu mzima, na ugomvi wa magunia ukaisha.

Ndipo kampuni moja ya mjini, inayotengeneza mifumo ya vyama vya ushirika, ikatangaza nafasi moja ya mwandishi wa programu anayeanza kazi. Tangazo halikudai shahada. Lilimtaka mwombaji aje na kitu alichokijenga mwenyewe, akioneshe na kukieleza. Violeth alilisoma akahisi limeandikwa na mtu anayemfahamu. Aliitaka ile kazi kuliko alivyowahi kutaka kitu chochote, na hakuona haya kuisema hamu yake nyumbani.

Abeli naye aliomba, akisema ataonesha kitu alichokijenga chuoni. Abeli ni mtoto wa baba yake mkubwa. Wazazi wake walipofariki alilelewa na mama yake Violeth, Mama Ruthu, na kwao hilo neno binamu halitumiki: ni kaka, basi. Alikuwa na stashahada ya kompyuta na ulimi wa kumtoa nyoka pangoni, ila kuandika programu kulimchosha mapema. Alipenda kuzizungumzia.

"Dada, tatizo lako ni kuongea," Abeli alimwambia. "Ukiulizwa swali unajikunja. Basi kila jioni mimi nitakuwa msaili wako. Nitauliza, wewe utajibu. Siku yenyewe ikifika utateleza tu."

Violeth alishukuru kwa moyo wote. Kweli alikuwa anajikunja, tena kazi ya namna hii haitaki vidole peke yake. Unaulizwa kwa nini umefanya hivi na si vile, na usipoweza kueleza ni kama hujafanya.

Basi kila jioni uani, Mama Ruthu akichambua mchele kwenye ungo, Abeli alikalia kigoda na kukunja nne kama bosi.

"Haya, binti, kwa nini hukutumia namba ya simu kumtambua mteja?"

Violeth alicheka kwanza, kisha akajibu. Jibu likienda upogo, Abeli alilinyoosha. "Usiseme uliona watu wanachanganyikana. Sema hivi: nilianza na mtumiaji kabla ya kompyuta." Sentensi hiyo ilimpendeza Violeth, akawa anaifanyia mazoezi mbele ya mashine ya fotokopi. Abeli aliuliza mengi. Mfumo unashindwa wapi? Ulitupa nini ukaanza upya, na kwa sababu gani? Mengine aliyarudia mpaka yakamkaa. Tena akasema, "Nakala ya huo mfumo weka na kwenye kompyuta yangu. Hiyo yako ikizima siku ya usaili utalia." Akaiweka. Nani angekataa?

"Kaka Abeli ana moyo," Violeth alimwambia mama yake.

"Ni ndugu yako," alijibu Mama Ruthu, macho yapo kwenye mchele.

Usaili ulikuwa Ijumaa. Abeli aliingia asubuhi, Violeth akapangiwa alasiri. Wasaili walikuwa watatu, wakiongozwa na mama mmoja mpole aitwaye Joha. Violeth aliufungua mfumo wake, ukatokea mkubwa ukutani kwa projekta, na akawaona wale watu wakitazamana. Alidhani umewapendeza.

"Kwa nini hukutumia namba ya simu kumtambua mteja?" Joha aliuliza.

Wala hakujikunja. "Nilianza na mtumiaji kabla ya kompyuta," alisema.

Mmoja wa wasaili aliguna. Joha aliweka kalamu mezani.

"Dada Violeth, mfumo huu tumeuona asubuhi. Na jibu hilo tumelisikia asubuhi, neno kwa neno."

Abeli alikuwa bado nje kwenye benchi, ameambiwa asubiri. Walimwita. Aliingia, akatazama ukutani, akamtazama Violeth, wala hakushtuka. Mtu aliyejiandaa hashtuki.

"Huyu ni dada yangu, tumelelewa pamoja," alisema kwa sauti ya huruma. "Anafanya kazi steshenari. Alinisaidia kuchapa sehemu kubwa, na mimi nikawa namfundisha kidogo kidogo. Nadhani ameona naye ajaribu bahati yake. Naomba msimhukumu."

Yaani unamwibia mtu mchana kweupe, halafu wewe ndiye unayemwombea msamaha.

"Ni kweli?" Joha alimgeukia Violeth.

Maneno yalimjaa kinywani. Lakini alikotoka yeye, ndugu havuliwi nguo mbele ya wageni. Aibu yake ni yako, mnakwenda kuimalizia nyumbani. Alimtazama Abeli ili ampe nafasi ya kurekebisha mwenyewe. Abeli alikuwa anaitazama projekta. Basi Violeth akasema kile ambacho binti yeyote aliyelelewa na Mama Ruthu angesema.

"Tulifanya pamoja."

Alikusudia kumsitiri kaka yake na wakati huo huo kuuachia ukweli mlango wazi. Joha alisikia mtu anayekiri. Angeweza kuwawekea kila mmoja kompyuta na kuwaambia waandike, na punde tu angejua nani ni nani. Hakufanya hivyo. Ilikuwa Ijumaa alasiri, stashahada ipo mezani, mmoja anaongea vizuri na mwingine anameza mate. Watu wavivu wa kupima hupima kwa masikio.

"Asante kwa kuja," alimwambia Violeth.

Aliondoka peke yake. Abeli hakumfuata, walimbakiza wakamalizane naye.

Nyumbani alimkuta mama yake jikoni akikoroga mlenda. Alimwamkia, kisha akamwaga yote: mazoezi ya uani, nakala, lile neno la kuchapa. Alilia bila kujificha. Alichotaka ni kimoja tu, mama yake asimame, awaite wazee wa ukoo, aseme kwamba jambo hili kwetu halifanywi. Alikuwa na hakika atasimama. Mama Ruthu aliendelea kukoroga.

"Mama, umenisikia?"

"Nimekusikia."

"Kaka Abeli ameniibia."

"Hajaiba." Mama alifunika chungu. "Aliomba. Kabla hajaanza kukuuliza yale maswali alinifuata mimi. Akasema, mama mdogo, Vio ana kazi yake ya steshenari, mimi cheti kinaota vumbi na umri unakwenda. Nikamwambia chukua."

Violeth akauliza: "Kila jioni ulikaa pale ukijua?"

"Wewe utaolewa, mwanangu. Kazi hiyo utaipeleka kwa watu. Yeye ndiye aliyebaki na jina la baba zenu. Na isitoshe ujuzi wako haujatoka, uko kichwani. Utaandika mwingine."

Abeli alikuwa mwizi, na mwizi anajulikana, unamchukia, unalala. Kwa mama yake Violeth hakujua pa kushika. Alitolewa kama chumvi anayopewa jirani, bila kuulizwa, na mtu aliyekaa hatua chache akimsikiliza akicheka na kushukuru. Na kilichomchoma kuliko vyote ni kwamba mama alisema kweli: angeweza kuandika mwingine. Ndiyo maana ilikuwa rahisi kumnyang'anya huu.

Mama Ruthu alisonga ugali, akapakua sahani tatu. "Tumngoje kaka yako," alisema. "Na akifika usimwoneshe uso huo. Leo ni siku yake."

"Simngoji," Violeth alisema.

Alinawa, akakaa mkekani, akaanza kula. Katika nyumba ile hakuna aliyewahi kutia mkono sahanini kabla mwenzake hajafika. Mama alibaki amesimama na sahani ya Abeli mkononi, akimtazama binti yake akila na kulia.