Kuzima Sauti ya Kinu

Docus alipopanda ngazi kuleta onyo la pili, Julienne alizitambua hatua zake tangu akiwa chini kabisa. Katika miezi aliyokaa kwenye jengo lile la Bugolobi alikuwa amejifunza hatua za kila mpangaji, maana mtu anayeogopa kusikika hubaki na kazi moja tu, nayo ni kusikiliza. Alikifunika kinu kwa kitenge, akaketi, akaweka mikono mapajani mithili ya mtu aliyepumzika tangu asubuhi. Kijani cha sombe, yaani majani ya muhogo, kilikuwa bado kimemganda vidoleni.

"Mama Reine," Docus alisema mlangoni, akihema. Yeye ndiye aliyekuwa msimamizi wa jengo. "Afande wa chini amelalamika tena. Kelele. Anasema sasa imezidi."

"Imezidi?" Julienne aliuliza. "Na zile tairi nimeweka?"

"Mimi sijui tairi. Mimi najua mzee analinda godauni usiku, mchana anataka kulala. Sina ubaya na wewe, hata sombe yako nakula. Lakini onyo la tatu haliko kwangu. Linaenda kwa wenye nyumba."

Wenye nyumba walikuwa hoteli moja ya mjini. Bintiye Julienne, aitwaye Reine, alipokea wageni katika hoteli hiyo, na vyumba viwili vya ghorofa ya pili alipewa pamoja na kazi. Onyo la tatu lingemtoa Reine humo, na mama yake pamoja naye. Reine hakuwahi kumwambia mama yake aache kutwanga. Angemwambia, pengine ingekuwa nafuu, kwa sababu Julienne angalau angepata mtu wa kubishana naye.

Kuacha kulimshinda. Aliwasili kutoka Uvira mikono mitupu, na kitu cha kwanza alichokuwa nacho kilicho chake mwenyewe katika mji huu ni kinu hicho, kilichochongwa Kawempe na kuletwa kwa bodaboda kikiwa kimefungwa kamba kama mgonjwa. Wakongo wenzake wa Kisugu na kwingineko walimwagiza sombe kila wiki, kwa kuwa mashine huyakata majani badala ya kuyaponda, na kinachotoka huwa uji. Kwao Uvira alitwanga uani. Hapa uani palikuwa pamesakafiwa kwa ajili ya magari, na kibao cha getini kilikataza kupika na kutwanga. Basi kinu kilikaa sebuleni, kati ya kochi na dirisha, na dirisha lenyewe lilitazama ukuta wa jengo la jirani, karibu kiasi kwamba mvua ilipita katikati bila kulowesha chochote.

Baada ya onyo la kwanza alianza na trei za mayai, kama wanavyoanza watu wengi. Aliziomba kwa wapika rolex wa barabarani, wale wanaozungushia chapati kwenye mayai, akazibandika kwa gundi ukuta hadi ukuta. Chumba kilibadilika kweli. Sauti yake mwenyewe ilianguka kabla ya kufika ukutani, na wimbo wa kanisani aliouimba kwa pumzi ulimfia midomoni. Lakini mchi ulipotua kinuni, sakafu ilitikisika chini ya nyayo zake vilevile. Ndipo akaelewa kosa lake. Trei za karatasi hupunguza mwangwi wa mambo yanayopita hewani. Kinu hakisemi na hewa. Husema na sakafu, sakafu ikaiambia nguzo, na nguzo ikashuka nayo hadi kitandani kwa mtu.

Tangu siku hiyo alikuwa na kipimo chake. Alijaza bakuli maji, akaliweka sakafuni upande wa pili wa chumba, na kila alipotwanga alitazama jinsi maji yanavyotetemeka. Alijaribu zulia, likabanwa mpaka likawa gumu kama sakafu iliyo chini yake. Alijaribu godoro kuukuu la sponji. Maji yalitulia, lakini kinu kikazama upande, mchi ukapiga ukingo, na sombe ikaruka hadi kwenye pazia. Akatengeneza sanduku la mbao, akalijaza mchanga, na kukisimamisha kinu juu yake. Hilo lilimfaa kwa muda. Uzito wa mchanga ulimeza pigo vizuri, mpaka mteja mmoja alipopiga simu kuuliza kwa upole kama siku hizi sombe hutwangwa na kokoto.

Mwishowe alirudi Kawempe, kwa mafundi wanaokata viatu kutoka matairi mabovu, akachagua mabaki mapana. Alipanga safu ya tairi, juu yake ubao, juu yake tena tairi iliyolazwa kwa kukingamana na ile ya kwanza. Mpira ule ulikuwa laini kiasi cha kulipokea pigo, na mgumu kiasi cha kukiacha kinu kikae wima. Maji ya bakuli yakabaki kama kioo. Julienne aliamini amemaliza.

Na baada ya hayo yote, kelele imezidi.

Basi akajigeukia mwenyewe. Alivaa soksi za sufu jozi mbili. Alifunga vipande vya sponji kwenye miguu ya viti, akazima redio, akazidi kupita kandokando ya ukuta kwa ncha za vidole, kama alivyozoea. Alitwanga mara chache, akaacha, akanyata hadi mlangoni, akatega sikio, akarudi. Jioni mgongo ulimuuma kuliko siku za kazi nyingi. Chumba, kikiwa na trei zake za kijivu kila upande, kilianza kumkaa mwilini kama nguo iliyorudi baada ya kufuliwa.

Jambo moja halikumtoka kichwani. Bakuli lilimweleza sakafu yake inavyofanya. Halikumweleza dari ya mwenzake inasema nini. Ili ajue, ilimpasa asimame chini ya sakafu yake mwenyewe. Na kule chini alikaa polisi, hata kama siku hizi alilinda godauni tu. Huko alikotoka, mtu hakwenda kubisha hodi kwa polisi kwa hiari yake.

Alingoja siku ya mapumziko ya Reine.

"Wewe baki utwange, mimi nashuka kusikiliza," alimwambia.

"Mama, mimi kutwanga? Mikono yangu ni ya kompyuta."

"Twanga tu hivyohivyo. Hakuna mteja atakula."

Aliyefungua mlango alikuwa mtu mrefu aliyeinama kidogo kuepuka kizingiti cha juu, macho mekundu kwa kukosa usingizi. Alitoka Kitgum, na jina lake lilikuwa Okwera. Buti zake zilisimama pamoja kando ya mlango, kamba zikiwa zimefungwa kama za mtu anayetarajia kuitwa.

"Afande, unisamehe. Mimi niko mama wa kule juu."

Okwera alimtazama toka kichwani hadi kwenye soksi. "Ndiyo wewe?"

"Ndiye mimi."

"Mimi nilidhani kijana."

"Niko naomba nisikie kelele yangu, Afande. Mtoto wangu atatwanga. Kama bado inakusumbua, nitaacha."

Okwera alimvutia kiti, yeye akakaa kitandani. Wote wawili wakainua nyuso na kutazama dari, kama watu wanaotafuta panapovuja. Mchi ulianza. Uliwafikia kwa mbali, kama mtu anayepiga mto kwa ngumi, pigo moja zito, la pili legelege, la tatu likichelewa. Kisha ukanyamaza, na viatu vya Reine vikaenda jikoni na kurudi: ko, ko, ko.

"Huyo hajui kutwanga," alisema Okwera.

"Hajui."

"Lakini anajua kutembea."

Julienne hakuelewa. Okwera alijikuna shingo.

"Mama, mimi sikumwambia Docus kinu. Hiyo Docus ameongeza yeye, kwa sababu aliona kinu inapanda. Kinu naijua, mama yangu alikuwa nayo. Inafanya kazi yake, inanyamaza. Nilimwambia, yule mtu wa juu anatembea vibaya."

Akasimama, na mtu yule mkubwa akaanza kupita kando ya ukuta kwa ncha za vidole. Hatua tatu, akasimama. Kichwa akakielekeza mlangoni. Hatua mbili, akasimama tena, pumzi ameibana. Julienne alijiona mwenyewe, akiwa mrefu na mwenye mvi, akinyata katika chumba cha mtu mwingine.

"Watu wanatembea hivi, mimi nimeshika wengi," alisema Okwera akiketi. "Kazi yangu ilikuwa hiyo, kusikia mtu kama huyo. Ukisimama, mimi naamka. Nangojea. Sasa nalala aje? Na tangu uweke hayo mambo yako, ndiyo imekuwa mbaya. Zamani kinu ilikuwa inakufunika. Sasa huko juu kimya kabisa, nasikia wewe tu."

Juu, Reine alikohoa.

"Unamkimbia nani?" aliuliza Okwera.

"Wewe, Afande."

Okwera aliupangusa uso wake kwa viganja viwili. "Basi umejificha vibaya sana."

"Miguu ilijifunza kule kwetu," alisema Julienne taratibu. "Tulikaa ndani siku mingi, pazia chini. Sikujua kama nimekuja nayo."

Okwera alitazama buti zake. "Nitaongea na Docus, hatapeleka kitu. Lakini tembea, mama. Tembea kama mwenye nyumba."

"Nyumba si yangu."

"Hata hii si yangu."

Reine alikuwa ameketi kochini akipuliza viganja vyake mama yake aliporudi juu. Julienne alivua soksi za sufu, jozi ya kwanza na ya pili, akatoa chini ya kitanda viatu vyake vya kanisani, vyenye visigino vya mbao. Akasimama dirishani, akauweka mguu mmoja mbele, kisigino kwanza. Mlio ulimshtua. Mguu wa pili, kabla hajauamuru, ulitanguliza vidole, na hatua ya tatu ikautafuta ukuta. Akasimama katikati ya chumba. Alikuwa ameibana pumzi, na alijua kwamba chini yake, akiwa amelala chali, mtu mwingine ameibana pumzi vilevile.

"Mama, vipi?" aliuliza Reine.

Fimbo ya ufagio iligonga sakafu kutoka chini, kwa Okwera, bila haraka: moja, mbili. Moja, mbili.

Julienne aliinua mguu, akaushusha pamoja na pigo. Akainua mwingine. Ukuta na trei zake ulipita kando yake, kinu kikapita, kochi likapita, fimbo ikiendelea kumhesabia. Akafika mlangoni, ambako chumba kiliishia, akageuka, akaanza tena.