Joka la Kaka Mwinyi

Mwaka ule tulikula unga wa njano wa msaada hata mbwa wakaukinai. Kaka Mwinyi alirudi kutoka Diani na joka la wino lililochanjwa mkononi. "Huyu ananilinda," akaniambia, nami nikaamini yu hai.

Babu akasema mwenye joka mwilini hataoshwa akifa. Alasiri hiyo akachoma maganda ya korosho uani, akakinga yale mafuta yanayobabua ngozi. Mama akasimama mlangoni. "Mkono huu hauguswi." Wajomba wakamsukuma kando. Babu akalipaka joka mafuta yale ili lifutike. Kaka alipopiga mayowe nilidhani joka linamng'ata likikataa kutoka, nikashika fimbo kulingoja litambae nje.

Mkono ulioza. Kaka alikufa kabla unga ule haujaisha. Waliomwosha hawakuuliza neno, na nusu ya joka ilikuwa ingaliko.

Juzi mwanangu, aliyenipa mjukuu nikiwa bado sina mvi, alirudi kutoka Ukunda na joka mkononi. Mume wangu akaja na kopo, harufu niliijua. "Ni dhambi, mama watoto. Nipishe."

Shule sikusoma, lakini mlango ni wangu. Nikasimama. "Mkono huu hauguswi."