Mrija wa Kwanza wa Othieno

Hakuna kilabu cha malwa, pombe ya wimbi, kati ya Mukuju na Busia kisichojua mirija ya Aboth. Ni mirefu, myepesi, na vifundo vyake vimetobolewa kwa waya wa moto mpaka pombe inapita bila kukwama. Matete aliyakata katika bwawa lililo chini ya machimbo ya dhahabu, maana huko yalinawiri kuliko kwingine kokote. Vyura walikuwa wameshahama, lakini nani ana haja na vyura? Aboth aliamini kwamba penye kijani kibichi ndipo penye maji mazuri. Ni wengi wanaodanganywa na rangi hiyo.

Justine, binti wa kaka yake, mpima maji wa wilaya, ndiye aliyemletea habari. Bwawa lilikuwa na arseniki, sumu itokayo kwenye mawe yanayosagwa machimboni. Aboth akabisha: mbona matete hayafi? Justine aling'oa moja, akamwonyesha mizizi iliyovaa kutu nyekundu. Alieleza kwamba kutu hiyo hunasa sumu, na ile inayopenya, mmea huifungia humohumo mizizini. Ni kidogo tu kinachopanda juu. Basi matete yaachwe palepale, yaendelee kuishikilia.

"Na hicho kidogo," Aboth aliuliza, "kinafika kwa mrija?"

"Shangazi, hiyo mimi bado sijajua. Tutapima. Lakini kitu ya kuweka kwa mdomo, mimi naogopa."

Aboth aliogopa zaidi yake. Miaka yote hiyo Othieno, mumewe, alikuwa akivuta malwa kwa kazi ya mikono ya mkewe. Jioni Aboth alikwenda kilabuni kwa Owori, akaikusanya mirija yote ili Justine akaipime, akaahidi kuleta mingine kutoka Kirewa. Wazee walinung'unika huku chungu kikipoa. Othieno alikataa katakata kutoa wake, ule wenye kiraka cha mpira.

"Huu ulinikatia mwaka nilikuja kukuposa," alisema. "Machimbo ilikuwa wapi?"

Aboth alikumbuka. Kweli kabisa. Siku hizo kule juu kulikuwa na shamba la wimbi, na bwawani vyura walipiga kelele mpaka mtu hamsikii mwenzake. Moyo ukamtua. Aliketi ubavuni mwa mumewe, akacheka mpaka machozi yakamtoka.

Wazee walikunywa kwa zamu, mrija mmoja chungu kizima, na Othieno hakumpa mtu mrija huo kabla mtu huyo hajamshukuru Aboth.